Mlango wa Dharura Usiofunguka ni Ila ya Bidhaa, si Kadari

Huko Marekani upo utaratibu wa kisheria ambao kwetu sisi hausikiki sana, na wengine wakisimuliwa hudhani ni hekaya. Mtengenezaji wa mabasi anapobaini kwamba mlango wa dharura wa mabasi aliyokwisha kuyauza una kasoro, tuseme kitasa chake hukwama, au king'ora chake hakilii pale mlango usipofungwa barabara, haruhusiwi kunyamaza kwa hoja kwamba bei imekwisha kulipwa na gari limekwisha kuondoka. Hupewa siku 5 za kazi awe ameiarifu NHTSA, ambayo ni mamlaka ya serikali inayosimamia usalama wa magari. Kisha humlazimu kumwandikia barua kila mwenye gari aliyesajiliwa, akimweleza kwa lugha nyepesi ni kitu gani kilichoharibika, hatari yake ni ipi, na ni wapi atakapotengenezewa. Na matengenezo hayo hayatozwi hata senti moja. Asili ya utaratibu huu ni sheria ya mwaka 1966, na mwaka 2015 muda wa mwenye gari kustahiki matengenezo ya bure uliongezwa kutoka miaka 10 hadi miaka 15.

Huo ndio mwito wa kurejesha magari. Makampuni makubwa yanayounda mabasi ya shule nchini humo yamekwisha kuutoa mara nyingi kwa sababu ya milango na madirisha ya dharura, na mara nyingi yamefanya hivyo kabla hajadhurika hata mtoto mmoja. Fundi wa gereji ya shule ameona kitasa kinagoma, ameandika taarifa, na taarifa hiyo imewafikia wenye kiwanda. Kwa jambo ambalo sisi tungelimaliza kwa kupiga mlango teke, wenzetu huyaita mabasi yote ya toleo lile.

Lakini tusidhani kwamba watu wale walizaliwa na tahadhari hiyo. Waliifikia kwa majeneza, na kisa chake kinafaa kusimuliwa kwa urefu kidogo, kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo msafiri wa kwetu atayatambua moja baada ya moja.

Usiku wa tarehe 14 Mei 1988, basi lililokuwa zamani la shule, kisha likauzwa kwa kanisa moja la mji wa Radcliff katika jimbo la Kentucky, lilikuwa likirejea kutoka katika bustani ya michezo katika jimbo jirani la Ohio. Ndani yake walikuwamo watu 67 pamoja na dereva, wengi wao vijana na watoto. Karibu na mji wa Carrollton, mtu mmoja aliyekuwa amelewa aliliendesha gari lake dogo la mizigo upande usio wake wa barabara kuu, akaligonga basi lile uso kwa uso. Mgongano wenyewe haukuwa ndio uliowaua abiria wa basi. Wote 67 walikuwa hai baada ya vishindo kutulia. Lakini mlango wa mbele uliharibika usiweze kutumika, na tangi la mafuta, lililokuwa karibu na mlango huohuo bila kinga yoyote, lilitobolewa, petroli ikashika moto.

Ukabaki mlango mmoja tu, wa nyuma. Njia ya katikati ya viti ilikuwa nyembamba mno, viti vya nyuma viliubana mlango ule, na sanduku la kuhifadhia vinywaji baridi lilikuwa limewekwa njiani. Zaidi ya watu 60 wakasukumana kwenye tundu hilo moja, katika giza na moshi, wakarundikana wakazibana njia wao kwa wao. Walikufa 27. Hawakufa kwa kuvunjika mifupa, walikufa kwa moshi na moto, ndani ya dakika chache, nao walikuwa hatua kadhaa tu kutoka kwenye hewa safi.

Yako mambo mawili zaidi katika kisa hiki. La kwanza ni kwamba vigezo vipya vya usalama wa mabasi ya shule vilikuwa vimepangwa kuanza tarehe 1 Aprili 1977, vikiwamo vya kulikinga tangi la mafuta. Chasisi ya basi lile ilikamilika siku 9 tu kabla ya tarehe hiyo. Kwa siku hizo 9 basi likawa halali kisheria, likaishi miaka 11 barabarani likiwa halali. La pili ni kwamba wapo wazazi walioletewa fedha za suluhu wakazikataa, wakaendelea kumshitaki mtengenezaji, kwa kuwa walichokitaka ni kujulikana kwa sababu. Baadaye jimbo la Kentucky likaamuru kila basi la shule liwe na njia 9 za kutokea, kwa kuhesabu milango, madirisha na matundu ya darini. Na mwaka 1992 serikali kuu ikabadili kigezo chake cha milango ya dharura ili idadi ya njia ifuatane na idadi ya viti.

Kigezo hicho, kwa anayependa undani wa mambo, kimeingia hata katika mambo ambayo sisi tungeyaita madogo. Mlango wa dharura wa basi la shule ni sharti ufunguke kwa mkono wa mtu mmoja, kwa ndani na kwa nje. Kitasa kikiwa hakijakaa mahali pake, king'ora kimlilie dereva. Na endapo mlango umefungwa kwa ufunguo, injini isikubali kuwaka. Zingatia hilo la mwisho. Waliotunga kanuni walikwisha kumjua mwanadamu. Walijua kwamba atatokea mwenye gari atakayeufunga mlango kwa ajili ya wezi, kisha atasahau kuufungua, na kwa hiyo wakaifanya mashine imkatalie.

Sasa turudi kwetu.

Mabasi yetu hutujia kwa njia tatu. Yapo yanayoletwa mapya kutoka viwanda vya nje, hasa vya China. Yapo ambayo chasisi yake ni ya lori na bodi yake imejengwa hapahapa Afrika Mashariki. Na yapo yale madogo, Coaster na Hiace, yaliyokwisha kutumika Japani, ambayo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya watoto wetu wa shule na madrasa. Katika kundi hili la tatu ndipo mwito wa kurejesha magari hupotelea baharini. Mtengenezaji humwandikia mwenye gari aliyeandikwa katika daftari la Japani. Mtu huyo alikwisha kuliuza gari mnadani, nalo likapakiwa melini, likateremshwa Dar es Salaam au Mombasa, likabadilishwa namba, na pengine likaongezwa viti. Barua hupelekwa kwenye anuani ya mtu asiyehusika nalo tena. Kasoro inakuja nasi, barua inabaki kwao.

Hata hivyo haifai kusema kwamba hakuna la kufanya. Watengenezaji wa Japani wana kurasa za intaneti ambamo mtu huandika namba ya chasisi akaambiwa kama gari lile liliitwa na kama lilitengenezwa. Na hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inatambua kurejeshwa kwa bidhaa zisizo salama. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza. Mnunuzi wa Coaster hukagua injini, husikiliza gia, hupiga magoti kutazama kama chini kuna kutu, huuliza kama kiyoyozi kinapoza. Ni wangapi wanaokwenda nyuma wakaufungua mlango wa dharura? Katika baadhi ya magari hayo maandishi ya mlango ule bado ni ya Kijapani. Abiria hukaa mbele yake mwaka mzima asijue kwamba ule ni mlango.

Na tukiwa wakweli tutakiri kwamba kasoro nyingi za milango hii hazikutoka kiwandani. Tumezitengeneza wenyewe. Mwaka 2023 tulikodi basi kuwapeleka wanafunzi kwenye mashindano ya kuhifadhi Qur'ani katika mkoa wa jirani. Kabla watoto hawajapanda nilimwomba utingo anifungulie mlango wa dharura. Akacheka, akaniambia, "Ustadhi, huo tangu basi linunuliwe haujafunguliwa. Abiria wakiuona uko wazi stendi watapandia hukohuko, nauli nani ataidai?" Nilipoingia kutazama nikakuta kiti cha watu wawili kimefungwa kwa bolti mbele ya mlango, na komeo la mlango limechomelewa. Nikauliza nyundo za kuvunjia vioo. Vishikizo vyake vilikuwapo, nyundo hazikuwapo.

Tulikataa kupanda. Mwenye basi alipigiwa simu, akalalamika kwamba tunamkosesha viti viwili na kwamba kwa miaka yote hiyo hajapata kuulizwa jambo kama hilo. Mwishowe akaletwa fundi wa kuchomelea kutoka gereji ya jirani, akalikata komeo, akakifungua kiti kile, akapaka mafuta bawaba. Kazi nzima ilikwisha upesi kuliko kazi ya kufunga mizigo juu. Mlango ulipofunguka, watoto walishangilia kana kwamba wameoneshwa kiini macho. Ndipo nilipojua kwamba hata wale waliosafiri mara nyingi hawakuwa wamewahi kuuona mlango wa namna ile ukiwa wazi.

Hoja ya utingo yule haifai kudharauliwa, kwa sababu ndiyo hoja ya wote. Mlango wazi ni upenyo wa mwizi wa mizigo, ni upenyo wa anayekwepa nauli, na mtoto mtundu anaweza kuufungua gari likiwa mwendoni. Haya ni kweli. Lakini kila moja lina dawa iliyokwisha kubuniwa, na dawa hiyo si kuchomelea. King'ora cha kumwarifu dereva ni kifaa rahisi ambacho fundi umeme wa magari wa mji wowote anaweza kukifunga. Kifuniko cha plastiki juu ya kitasa humzuia mtoto asiyekusudia wala hakimzuii mtu mwenye haja. Mwenye basi anayeshindwa na gharama hizo lakini akamudu kubandika taa za rangi na spika kubwa, huyo hajashindwa na gharama.

Desturi hii ya kumwogopa mwizi kuliko moto haiko katika mabasi peke yake. Mwezi Machi 2001 katika shule ya Kyanguli, Kenya, wavulana zaidi ya 60 waliteketea ndani ya bweni ambalo madirisha yake yalikuwa na nondo na mlango mmoja umefungwa. Na Septemba 2020 wanafunzi 10 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, ambako nako madirisha yalikuwa na nondo. Mabweni ya madrasa zetu yanahitaji makala yake, nami sitaki kuliingiza jambo hilo kwa haraka. Ninalitaja ili tuone kwamba mkono uliochomelea komeo la basi na mkono uliopachika nondo bila kuacha dirisha la kutokea ni mkono mmoja.

Inapotokea ajali, neno la kwanza linalosikika misikitini na matangani ni kadari. Sina shaka na kadari, wala Mwislamu yeyote hana. Lakini neno hili limekuwa likitumiwa mahali pasipo pake. Ajali imekwisha kuandikwa, hilo tunaliamini baada ya jambo kutokea, ili nyoyo zitulie. Kabla ya jambo kutokea, sharia haituulizi kilichoandikwa, inatuuliza tulichofanya. Hadithi ya kumfunga ngamia kisha kutawakali tunaisomesha watoto wa darasa la kwanza, nao wanaielewa. Anayeuchomelea mlango wa dharura kisha akasema yaliyotokea ni kadari, amemwachia Mwenyezi Mungu jambo ambalo lilikuwa chini ya mkono wake.

Na katika fikihi ya biashara mlango huu umesomeshwa kwa karne nyingi. Mnunuzi akikuta katika bidhaa ila iliyokuwamo kabla hajaipokea, anayo khiyari ya aibu, yaani haki ya kuirejesha bidhaa ile, hata kama muuzaji naye alikuwa haijui. Na muuzaji akiwa anaijua akaificha, hiyo ni tadlisi, na mafakihi hawakuhitilafiana kwamba ni haramu. Vilevile aliyebeba watu kwa ujira hudhaminishwa anapofanya uzembe. Ukiutazama mwito wa kurejesha magari kwa jicho hili utaona kwamba si jambo geni kwetu. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Katika vitabu vyetu mnunuzi ndiye anayemtafuta muuzaji. Katika utaratibu huu muuzaji ndiye anayelazimishwa kumtafuta mnunuzi, kwa sababu ila ya mlango wa dharura haijulikani mpaka siku ya moto, na siku hiyo mwenye khiyari hayupo tena wa kuidai. Kwa maoni yangu nyongeza hiyo inakwenda sambamba na makusudio ya sharia katika kuhifadhi nafsi, na ningependa kuwasikia masheikh wetu wakiizungumza darasani badala ya kuiacha mikononi mwa wanasheria.

Jambo hili si la nadharia. Tarehe 28 Juni 2025 mabasi mawili yaligongana eneo la Sabasaba, wilayani Same, mkoani Kilimanjaro, yakashika moto, na watu zaidi ya 35 wakafariki, wengi wao wakiwa wameungua kiasi cha kutotambulika. Katika njia za Umra nako misiba ya namna hii imerudia. Oktoba 2019 mahujaji 35 walikufa karibu na Madina baada ya basi lao kugonga mtambo mzito na kuwaka. Machi 2023, katika eneo la Asir, basi lilishindwa breki, likapinduka na kuwaka, wakafa 20. Na tarehe 17 Novemba 2025 basi la mahujaji kutoka India liligongana na lori la mafuta karibu na Madina, wakafa watu wapatao 45. Kijana mmoja tu ndiye aliyeripotiwa kunusurika, naye alikuwa ameketi karibu na dereva. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Sisemi kwamba kila mmoja wao angeliokolewa na mlango. Moto wa lori la mafuta haumpi mtu nafasi kubwa. Ninachosema ni kwamba basi linapowaka hesabu inakuwa ya dakika, na dakika hizo hazipaswi kupotea katika kutafuta kitasa.

Tutaambiwa kwamba hii ni kazi ya serikali. Ni kweli. Tanzania tuna LATRA tangu mwaka 2019, na kabla yake tulikuwa na SUMATRA. Kenya wana kiwango chao cha ujenzi wa bodi za magari ya abiria, kiitwacho KS 372. Polisi wa usalama barabarani hukagua mabasi, na tunawashukuru kwa hilo. Lakini ukaguzi wa mara kwa mara hutazama matairi, breki, taa na leseni. Tunawaomba wakaguzi waufungue mlango wa dharura kwa mikono yao, sio kuuliza kama upo. Na tunaiomba mamlaka itangaze kwa Kiswahili, redioni na magazetini, matoleo ya magari ya abiria yaliyoitwa na watengenezaji wake huko yalikotoka, kwa kuwa mwenye Coaster wa Korogwe au wa Lamu hatakwenda kuyasoma hayo katika tovuti za Kijapani.

Lakini wakati tunaingoja serikali, sisi wenyewe ni wateja wakubwa wa mabasi. Jumuiya zetu hukodi magari kwa semina, kwa ijitimai, kwa mazishi ya mbali, kwa mitihani na mashindano ya wanafunzi. Anayekodi ana kauli ambayo abiria wa kawaida hana. Kamati ya msikiti iandike katika mkataba wa kukodi kwamba basi lisilofunguka mlango wa dharura halitapandwa na malipo ya awali yatarejeshwa. Mmoja wa kamati, si lazima awe fundi, afike nusu saa kabla ya safari, aufungue mlango kwa ndani, ashuke aufungue kwa nje, atazame kama kuna kiti, gunia, ndoo au jenereta iliyowekwa mbele yake. Wapangaji wa mizigo waelezwe kwamba njia ya katikati si stoo. Na watoto waoneshwe mlango ule kabla ya dua ya safari, mkubwa kati yao aufungue mwenyewe mara moja ili mkono wake uujue. Mwalimu mmoja akae jirani nao, asikae mbele na dereva kwa kuwa mbele kuna nafasi ya miguu.

Kuhusu Umra, mabasi ya huko hatuyachagui sisi, huchaguliwa na wakala na washirika wake wa Saudia. Basi na aulizwe. Mahujaji wetu huuliza umbali wa hoteli kutoka Msikiti wa Makka, huuliza chakula, huuliza idadi ya vitanda chumbani. Waongeze swali moja juu ya basi la Makka kwenda Madina: limeundwa mwaka gani, na nani alilikagua mlango wake wa nyuma. Wakala asiye na jibu apewe muda akalitafute, na malipo yangoje mpaka alete.